Ukiambiwa "Punguza Mawazo," Uanzie Wapi?

Mtu anafika zahanati amejishika kifua. Moyo unamdunda, viganja vinamtoka jasho, tumbo limemvuruga tangu alfajiri. Anapimwa presha na malaria, anaongezewa taifodi na vidonda vya tumbo kwa sababu mwenyewe ameomba, na majibu yote yanatoka safi. Daktari ana foleni ndefu nje ya mlango. Anamwandikia vidonge vya maumivu na kumsindikiza kwa neno moja: "Huumwi. Punguza mawazo tu."

Daktari hajasema uongo, ila hajasema pia mawazo yanapunguzwa vipi. Mgonjwa anarudi nyumbani na njia pekee anayoijua, kujikataza kuwaza, na hiyo ndiyo njia mbovu kuliko zote. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwaomba watu waseme kwa sauti kila linalowapitia kichwani, ila wasimwaze dubu mweupe, na kila akiwajia wagonge kengele. Kengele hazikunyamaza. Isitoshe, waliokatazwa kwanza kisha wakaruhusiwa walimwaza dubu huyo kuliko walioruhusiwa tangu mwanzo. Ikiwa dubu asiye na deni na mtu haondoki kwa kukatazwa, ada ya mtoto itaondokaje?

Basi tuache kukatazana. Wasiwasi kidogo tunauhitaji. Ndio unaomfanya mtu awahi basi la saa kumi na mbili na mama amshike mtoto mkono kabla ya kuvuka barabara. Shida huanza pale roho inapokuwa juu bila kushuka, na mtu anapoanza kupanga maisha yake kwa kufuata kinachomtisha. Hapo inabidi ajue mwili wake unamfanyia nini, ayape mawazo kazi yale yenye kazi, na aache kuyapisha yale yasiyo na kazi. Hili la mwisho ndilo gumu, nami naliona ndilo lenye faida kubwa kuliko yote.

Mwili unavyojiandaa

Mwaka 1915 Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha kitabu kinachoeleza namna mwili wa kiumbe aliyetishwa unavyojiweka tayari kupigana au kukimbia. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo huongeza mwendo ili misuli ipate damu ya kutosha. Ini hutoa sukari. Damu hupunguzwa tumboni na kwenye ngozi, kwa kuwa anayekimbia nyati hana haja ya kusaga ugali wakati huo. Ndiyo maana tumbo huvurugika na vidole hupoa. Jasho hutoka ili mwili usichemke. Yote haya ni mazuri na yamewaokoa wengi. Tatizo ni kwamba mwili hufanya hayo hayo kwa ujumbe wa simu unaodai marejesho, kwa bosi aliyesema "kesho njoo ofisini kwangu" bila kueleza sababu, na kwa simu tatu za mama ambazo hukuzipokea.

Kuna dalili moja inayowatia watu hofu kuliko nyingine, nayo ni ganzi. Mtu mwenye hofu hupumua haraka haraka, tena kwa kifua cha juu, na kwa kufanya hivyo hutoa hewa ya ukaa nyingi kuliko mwili unavyotaka kutoa. Kiwango chake kikishuka kwenye damu, kichwa huwa chepesi, midomo na vidole hufa ganzi, na wakati mwingine vidole hukakamaa kabisa. Asiyejua hayo atasema ni kiharusi. Akishasema ni kiharusi, adrenalini inamwagwa tena, anazidi kupumua haraka, na ganzi inapanda mkono mzima. Claire Weekes, daktari wa Australia aliyewaandikia watu wa kawaida kitabu kuhusu hofu mwaka 1962, alifundisha kutofautisha hofu mbili: ya kwanza inakuja yenyewe, ya pili ni ile tunayoiongeza kwa kuiogopa ya kwanza. Ya kwanza huna mamlaka nayo. Ya pili unayo.

Shambulio la hofu kali kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha huanza kushuka lenyewe. Halishuki kwa sababu umekunywa maji baridi wala kwa sababu umefungua vifungo vya shati. Linashuka kwa kuwa mwili hauwezi kuendelea kuwaka vile kwa muda mrefu. Anayelijua hili ana nusu ya dawa mkononi.

Neno kuhusu presha, maana ndilo jina ambalo wengi wetu huipa hali hii. Ukipima presha huku roho iko juu, utakuta imepanda. Kaa kimya dakika tano, miguu chini, mgongo umeegemea, ndipo upime. Na kama umenunua mashine ya nyumbani na sasa unaivaa mkononi kila baada ya saa moja, iweke kabatini. Pima siku na saa aliyokupangia daktari.

Kabla ya kusema ni mawazo

Si kila moyo unaodunda ni wasiwasi. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta mapigo ya haraka, kutetemeka, jasho na kukonda, na watu wengi wameambiwa wapunguze mawazo kumbe ni tezi. Upungufu wa damu nao hufanya moyo udunde kwa kupanda ngazi chache tu, na wanawake wenye hedhi nzito ndio wa kwanza kukumbwa. Mwenye kisukari akishukiwa na sukari hutetemeka na kutoka jasho vile vile. Dawa nazo zina yake: pampu ya pumu yenye salbutamoli huharakisha moyo, na meflokwini, dawa ya malaria, inajulikana kwa kuleta wasiwasi na ndoto mbaya kwa baadhi ya wanaoitumia. Kwa hiyo vipimo vifanyike, mara moja na kwa ukamilifu, kisha vikitoka safi viaminiwe. Kurudia kipimo kile kile katika zahanati ya tatu ni wasiwasi wenyewe umevaa koti la daktari.

Maumivu ya kifua yanayokuja ukifanya kazi nzito, yanayoenda mkononi au tayani, yenye kukata pumzi, hasa kwa mtu mwenye kisukari, presha au umri mkubwa, ni ya kukimbiza hospitali. Mdomo kwenda upande, mkono mmoja kuishiwa nguvu, au maneno kukwama ghafla, vivyo hivyo. Hapo hakuna zoezi la kupumua.

Kisha tazama unachokunywa. Kafeini huchukua kama saa tano nusu yake kutoka mwilini, kwa hiyo kahawa ya kibarazani ya saa kumi na moja jioni, na ile chungu hainywewi kikombe kimoja, bado nusu yake inazunguka saa nne usiku unapotafuta usingizi. Vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo madereva wa usiku na vijana wa bodaboda huvinywa kutwa, vina kafeini hiyo hiyo pamoja na sukari nyingi. Mirungi ni jamii moja na vichangamshi vikali vya hospitali. Anayetafuna alasiri asishangae kukodolea dari macho usiku na kuona kila kivuli kina maana. Pombe inadanganya kwa namna nyingine: humtuliza mtu saa mbili usiku, kisha nguvu yake ikiisha humwamsha saa tisa moyo ukienda mbio. Mtu akipunguza vitu hivi kwa wiki mbili, polepole ili kichwa kisimuume, mara nyingi hujua sehemu gani ya wasiwasi wake ilikuwa ya maisha na ipi ilikuwa ya kikombe.

Dakika kumi za mwanzo

Hofu ikipanda, watu humwambia mwenzao "vuta pumzi ndefu." Ushauri huo umekaa kichwa chini miguu juu. Hewa anayo tele. Anachohitaji ni kuitoa taratibu. Vuta kwa pua ukihesabu mpaka nne, tumbo likitangulia kuliko kifua, kisha toa kwa mdomo uliofumbwa nusu ukihesabu mpaka sita. Fanya hivyo dakika tatu au nne. Usipumulie ndani ya mfuko wa nailoni. Ni hatari, na kama tatizo lilikuwa pumu au moyo utakuwa umeongeza balaa.

Wakati huo bandika nyayo sakafuni na utazame vitu vilivyopo: kiti cha rangi gani, nani amevaa nini, bango limeandikwa nini. Halafu jiambie, kwa maneno yako, kwamba hii ni adrenalini, inapanda na itashuka. Na zaidi ya yote, kama ulipo hakuna hatari ya kweli, usiondoke. Ukiwa kwenye daladala, kaa mpaka kituo chako. Ukiwa kwenye foleni ya benki, simama. Sababu yake tutaifikia.

Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu cha afya ya mwili na ya nafsi pamoja, na humo alishauri kwamba kama mtu anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua, aweke pia mawazo mema akiwa ametulia, ayatumie siku nafsi ikichafuka. Zaidi ya miaka elfu moja imepita na sijaona ushauri wa vitendo ulio bora kuliko huo. Chukua kipande cha karatasi siku ambayo roho imetulia, andika mistari mitatu: imenipata mara ngapi, iliisha vipi, nikumbuke nini. Kiweke kwenye pochi. Kichwa kilichojaa hofu hakibuni maneno, lakini kinaweza kusoma.

Daftari na nusu saa

Sasa tuje kwa mawazo yenyewe. Chukua mama mwenye genge la mboga, mwezi Januari. Shule zinafunguliwa, kodi ya nyumba ya miezi sita inakaribia, kikoba kinataka marejesho kila Jumamosi, na ule mkopo wa kausha damu aliouchukua Desemba unadai kila jioni. Ukiongeza mtoto wa kati aliyeanza kukohoa na mdogo wa kiume wa mama mwenyewe asiyepokea simu huko Mbeya, ndiyo hayo anayolala nayo. Usiku hayaji moja moja. Yanakuja kwa pamoja, na kwa pamoja hayana jibu.

Anachohitaji ni daftari la kawaida la shule na kalamu, mchana kweupe. Aandike kila kinachomkera bila kupanga. Kisha kwa kila kimoja ajiulize: lipo la kufanya, au ni la kusubiri tu? Ukurasa wake ungesomeka hivi. Ada: ninayo laki moja na nusu kati ya laki nne, Ijumaa asubuhi niende kwa mhasibu wa shule nayo mkononi, niombe awamu tatu. Mkopo: nijue jumla iliyobaki, nimpigie anayekusanya kabla hajaja, nisikope pengine kulipia hapa. Kikohozi: kikizidi wiki mbili, au homa ikipanda, kituo cha afya. Kodi: inaisha Machi, mwenye nyumba hajasema lolote; hakuna la kufanya mpaka tarehe moja Februari. Mdogo wangu: nimpigie jirani yake leo jioni, mara moja. Na mstari wa mwisho, ule unaomkosesha usingizi kuliko yote: je, nikifa watoto watalelewa na nani?

Tazama kilichotokea. Matatu yamepata hatua ya kuchukua. Moja limeahirishwa kwa haki. La mdogo wake limepewa mpaka wa simu moja. Na hilo la mwisho halina kazi ya leo, kwa hiyo linapelekwa kwenye nusu saa.

Nusu saa ya wasiwasi ni mbinu ambayo Thomas Borkovec na wenzake huko Pennsylvania waliichapisha mwaka 1983, na inafurahisha kwa kuwa haimkatazi mtu kuwaza. Chagua saa ile ile ya kila siku na mahali pamoja, tuseme saa kumi na moja jioni kwenye kigoda nyuma ya nyumba. Wasiwasi ukija saa nne asubuhi unapopanga nyanya, andika neno moja tu kwenye daftari, uuambie saa yake haijafika, urudi kwenye nyanya. Utarudi baada ya dakika mbili, nawe urudie. Saa kumi na moja ikifika, kaa uwaze kwa bidii mpaka nusu saa iishe, kisha simama uende jikoni. Mambo mawili hutokea. Mengi yaliyoandikwa asubuhi huwa yamepoa ikifika jioni. Na akili hujifunza kwamba haijanyimwa nafasi, imepangiwa. Usiiweke nusu saa hiyo karibu na kulala, na usiifanyie kitandani hata siku moja. Wiki ya kwanza utaona ni mchezo wa kuigiza. Endelea.

Asiyeweza kuandika, au asiyependa, atafute mtu wa kumsikiliza, lakini achague vizuri. Huko Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasaidia watu waliolemewa. Hawakufundishwa saikolojia ya vitabu vinene. Walifundishwa kumwacha mtu ataje matatizo yake yote, kumwomba achague moja, na kupanga naye hatua moja ndogo ya kulishughulikia. Utafiti uliofanywa kwa watu 573 katika zahanati za jiji hilo, ukachapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Baadaye mpango huo ulifika Zanzibar pia.

Pwani yetu haikosi watu wa namna hiyo: somo, shangazi, bibi wa nyumba ya tatu. Namna ya kuwajua ni kusikiliza wanauliza nini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona uso umekuparama hivyo?"

"Mambo mengi bibi. Ada, deni, nyumba, hata sijui nianze lipi."

"Haya, yataje yote, sina haraka." Akishayasikia mpaka la mwisho: "Sasa katika hayo, lipi ukilitua leo utalala?"

"La deni."

"Na kesho asubuhi, kabla hujafungua genge, utamwendea nani?"

Huyo ndiye. Anayekwambia "hilo lako dogo, ngoja nikusimulie langu," au "mwachie Mungu" kabla hujamaliza sentensi, mpende tu, lakini usimpelekee mawazo yako.

Kuacha kukimbia

Wasiwasi unalishwa na nafuu. Una deni, namba usiyoijua inapiga, unaiacha iite mpaka inyamaze, na papo hapo kifua kinaachia. Nafuu hiyo ni ya kweli, na ndiyo sumu yenyewe, kwa sababu akili imeandika: tumepona kwa kutopokea. Kesho namba ngeni itaita na kifua kitabana zaidi. Keshokutwa utazima simu kabisa. Mwezi ukiisha, deni limekua, mdai amewapigia ndugu zako, na wewe unaona hofu yako ilikuwa na haki tangu mwanzo. Ndivyo ilivyo pia kwa anayekwepa misa au swala ya jamaa kwa kuogopa kuzimia mbele za watu, na mwanafunzi anayekaa nyuma asiulizwe swali.

Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, aliandika mwaka 1958 namna ya kuirudia hofu kwa hatua, kutoka ndogo kwenda kubwa, na wazo hilo la hatua mpaka leo ndilo uti wa mgongo wa tiba ya hofu. Tulione kwa karibu. Mkazi wa Kigamboni alishikwa na shambulio la hofu ndani ya pantoni saa ya asubuhi, watu wamebanana. Tangu siku hiyo anazunguka kwa daraja la Nyerere, nauli mara mbili na muda juu yake. Ngazi yake ingeanza chini kabisa: kwenda hadi kivukoni Jumapili mchana, kukaa kwenye sehemu ya kusubiria, kutazama pantoni mbili tatu zikiondoka, na kurudi nyumbani hofu ikiwa imeshuka. Arudie mpaka aanze kuchoshwa na kukaa pale. Kisha avuke na dada yake, saa isiyo na watu, wakisimama pembeni penye upepo. Kisha na dada yake akiwa kwenye simu tu. Kisha peke yake, simu mfukoni. Kisha peke yake katikati ya watu. Mwisho saa ile ile ya asubuhi, akielekea Magogoni kazini.

Kanuni zake ni mbili. Kwanza, hairuhusiwi kuondoka hofu ikiwa kileleni. Subiri ishuke angalau nusu, la sivyo umejifundisha tena kukimbia. Ndiyo sababu nilisema kaa kwenye daladala mpaka kituo chako. Pili, vitu unavyoshika kama hirizi, yaani chupa ya maji, pipi mdomoni, kukaa karibu na mlango, viachwe kimoja kimoja, maana akili ni janja na itasema umepona kwa sababu ya pipi.

Lakini hofu yenye sababu tusiiite ugonjwa. Septemba 2011 tulizika watu wa meli iliyozama, MV Spice Islander, na Septemba 2018 wa kivuko cha MV Nyerere kule Ukara, vyombo vyote viwili vikiwa vimebeba kupita kiasi. Anayeona chombo kimejazwa kupindukia na akakataa kupanda ana akili timamu. Mazoezi ni kwa yale ambayo wengine huyafanya kila siku na kurudi salama.

Kuuliza uliza nako ni kukimbia, ingawa miguu imetulia. "Una hakika mlango umefungwa?" "Mbona umenijibu kwa mkato, umenikasirikia?" "Hiki kipele si kansa?" Jibu likipatikana, nafuu inakaa robo saa, kisha swali linarudi. Masheikh wamelijua hili zamani kwa watu wanaorudia udhu mpaka swala inawapita, na fiqhi ina kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka: ukiwa na hakika umetawadha na baadaye ukashuku kama umetengukwa, uko kwenye udhu wako. Kanuni hiyo inafaa na nje ya msikiti. Funga mlango mara moja, ukiutazama mkono wako ukizungusha ufunguo, kisha ondoka na shaka yako. Itakuchoma kwa dakika kadhaa tu.

Wewe unayeulizwa, mume au dada, usikasirike na usijibu mara ya pili. Sema, "Swali hilo nimeshalijibu, na najua linakusumbua. Twende tukachote maji." Ukali haumsaidii, na kumbembeleza kutwa nako hakumsaidii. "Acha uoga" ni ndugu wa "punguza mawazo."

Usiku

Kitanda kiwe cha kulala. Usipopata usingizi kwa muda unaokadiria ni dakika ishirini, inuka, kaa kwenye mwanga hafifu, fanya kazi ya kuchosha isiyo na maana kubwa: kunja nguo, chambua mchele wa kesho. Simu ibaki chumba kingine, na saa ya ukutani usiitazame. Ukisinzia, rudi. Asubuhi amka saa ile ile hata kama umelala kidogo, na usilipize usingizi mchana. Anayetembea kwa miguu nusu saa kila siku, kwa mwendo wa kutoka jasho, hulala vizuri zaidi kuliko anayekaa. Hili halihitaji maelezo mengi.

Kwenda kwa daktari

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa na ugonjwa wa wasiwasi, na wengi wao hawapati tiba ingawa ipo. Kama siku zenye wasiwasi ni nyingi kuliko zisizo nao na hali imeendelea kwa miezi, kama umeacha kazi, safari au ibada kwa sababu yake, kama hulali bila pombe, mbinu za nyumbani peke yake hazitoshi. Kama umeanza kufikiria kujitoa uhai, mwambie mtu leo, na leo hii hii mwende hospitali. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kliniki ya afya ya akili. Muhimbili, Mirembe ya Dodoma, Kidongo Chekundu ya Zanzibar na Mathari ya Nairobi zinajulikana, na anayepita kwenye mageti yake hajawa mwendawazimu.

Tiba ya mazungumzo inayofuata hatua kama zile za kivukoni ina ushahidi mzuri, na wakati mwingine dawa huongezwa. Zile za matumizi ya muda mrefu, kama fluoksetini, huchukua wiki kadhaa kufanya kazi na siku za mwanzo zinaweza hata kuongeza wasiwasi kidogo, kwa hiyo usiziache baada ya siku nne ukisema hazifai. Wala usiziache ghafla ukishapona. Diazepamu, ambayo wengi huijua kwa jina la Valium, hutuliza haraka, na mwili huizoea ndani ya wiki chache tu. Anayeinunua duka la dawa bila cheti anajinunulia tatizo la pili. Propranololi ya kutuliza mapigo ni hatari kwa mwenye pumu. Kidonge cha jirani kibaki kwa jirani.

Siku ya kwenda, beba daftari. Mwambie daktari hali ilianza lini, inakupata mara ngapi kwa wiki, umeacha kufanya nini kwa sababu yake, na unakunywa au kutafuna nini kila siku. Asipoyauliza mwenyewe, yaseme. Bila hayo manne atakuwa anabahatisha tu.